Wakuu naombeni ushauri, dodoso la ubunifu limenikwamisha

Kijana_wa_Sakina: Wakuu habari za mchana. Nimepata kibarua cha udadisi hapa Arusha, tunazungukia biashara kuuliza kama ndani ya miaka 3 wameleta bidhaa mpya au wamebadili namna ya kufanya kazi, sasa kila karakana nikiingia naambiwa "sina jipya dogo, niache nipige kazi". Hivi mtu akinunua mashine ya kukamua alizeti ambayo jirani yake anayo kitambo, huo nao ni ubunifu? Data zinatakiwa keshokutwa, usingizi sina.

Mzee_wa_Takwimu: Ni ubunifu. Mwongozo wa Oslo wa OECD, ule wa kimataifa wa kupima ubunifu, toleo la 2018, unasema ikiwa mpya kwake yeye na imepishana sana na alichokuwa nacho, inatosha, ila awe ameanza kuitumia. Ikiwa bado kwenye boksi, hapana. Na usimuulize "una ubunifu?", muulize amebadilisha nini.

MamaMbege: Mie walinikuta hapa Mbuyuni Moshi nikasema sina kitu, kumbe mbege nilikuwa nauza kwa debe sasa naweka kwenye chupa na oda zinakuja WhatsApp, dada wa watu kaondoka ndo nakumbuka. Hata soda hakunywa.

Fundi_UngaLtd: Huku kwetu ubunifu ni kumkwepa mgambo 😂

Dada_Njiro: Mleta uzi, hao wa keshokutwa ni wangapi na umewafikia wote?

Kijana_wa_Sakina: Dada umenibana. Ni 40, nimefika 26. Hao 14 wengine wamefunga wengine wamenitimua, nikawajazia mwenyewe home. Ila sijaweka maajabu, nimeangalia jirani zao walivyojibu, biashara zenyewe zinafanana tu. 6 nshatuma.

Mzee_wa_Takwimu: Kumbe unapika data! Aliyefunga andika amefunga, aliyekataa andika amekataa, nayo ni data hiyo. Kwenye sampuli kila mmoja anasimama badala ya wenzake kibao, uongo wako utazaa. Mpigie msimamizi leo.

Mlokole_Kijenge: Mungu anaona mpaka kishikwambi.

Jicho_Kali: Subirini kwanza. Kishikwambi si kinachukua GPS? Umejazaje dodoso la Kijenge ukiwa kitandani Sakina? Na wiki jana huyuhuyu alikuwa anauza mbuzi wa Longido. Hii chai.

Kijana_wa_Sakina: Programu yetu hailazimishi GPS, na mbuzi ni wa shemeji. Mimi niliuliza mashine ya alizeti.

MamaMbege: Mbuzi bado wapo?