Stempu za Berlin iliyogawanyika: nianze na upande upi?

Mjukuu_wa_Darajani
Wakuu, salaam. Marehemu babu alisoma Leipzig miaka ya sitini, wakati Zanzibar na Ujerumani Mashariki walikuwa marafiki wa damu (maghorofa ya Michenzani yapo, mtu asibishe). Ameniachia boksi la bahasha kutoka huko, na mimi nimeingiwa na homa ya stempu. Nataka kukusanya Berlin peke yake. Niende Berlin Magharibi, niende DDR (yaani Ujerumani Mashariki), au niachane na stempu tupu nishike barua nzima nzima? Mfuko wangu ni wa mwalimu.

Kibano_na_Lenzi
Magharibi, bila kusita. Ni uwanja uliofungwa: stempu ya kwanza Septemba 1948, ya mwisho Septemba 1990, na katalogi ya stempu ya Michel, ya Kijerumani, inaishia namba 879. Ukianza unajua utamaliza wapi. Tena za kuanzia miaka ya sitini ni bei ya karanga, kwa kuwa watu walizinunua kwa karatasi nzima wakidhani watatajirika.

Kwa kuonja, tafuta seti za Kengele ya Uhuru, ile Wamarekani waliyowapa wakazi na inayoning'inia jumba la manispaa la Schöneberg, mjini humo. Zilitoka seti tatu kati ya 1951 na 1953: ulimi wa kengele uko kushoto, halafu kulia, halafu katikati. Asiyejua anadhani ni stempu ileile.

Mpemba_Mtulivu
@Kibano_na_Lenzi mbona humwambii habari ya mwanzo wa hiyo katalogi? Namba 1 mpaka 20 ni stempu za kawaida za Ujerumani zilizogongwa neno BERLIN kwa wino mweusi, wakati jiji limezingirwa na chakula kinaletwa kwa ndege. Januari 1949 yakaja maandishi mekundu, kwa wanaolipia kwa marki ya magharibi, maana jijini sarafu mbili zilikuwa zinatembea kwa pamoja. Hizo ndizo zinazokula mshahara. Ongeza kile kikaratasi cha Desemba 1949 chenye stempu tatu, cha kuwachangia walioumizwa na mabadiliko ya sarafu. Huyo mwalimu atauza ng'ombe.

Kibano_na_Lenzi
Kweli, nimekamatwa. Basi sikiliza, mjukuu: ziruke kwanza. Yale maandishi ya juu hata mtoto mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuyaongeza kwenye stempu ya senti kumi. Mimi nilishanunua "nyekundu" mtandaoni, nikaiweka chini ya lenzi, wino umekaa juu ya mhuri! Yaani barua ilipigwa mhuri kwanza, neno BERLIN likaja baadaye. Tangu siku hiyo sinunui za 1948 na 1949 zisizo na cheti cha mkaguzi wa BPP, chama cha Kijerumani cha wakaguzi wa stempu.

Mpemba_Mtulivu
Ndiyo maana mimi ni mtu wa DDR. Stempu nyingi, rangi nzuri, bei rahisi. Kasoro zake mbili. Kwanza, nyingi zimepigwa mhuri bila kusafiri popote: geuza nyuma utakuta gundi nzima, ziliuzwa hivyo kwa wakusanyaji. Pili, kati ya 1955 na 1983 katika seti nyingi stempu moja ilichapwa kwa idadi ndogo makusudi. Ukiona seti ya sita ina tano tu, ujue ile iliyokosekana ndiyo yenyewe.

Lakini kumbuka DDR ni nchi nzima, si jiji. Kama unataka Berlin hasa, anza na dubu wa 1945, stempu saba za jiji kabla halijapasuka. Bei ya chai na maandazi.

Bi_Sanduku
Wanangu, mnabishana juu ya karatasi na kijana ana bahasha mkononi! Babu yake amemwachia utajiri. Mgawanyiko hauonekani kwenye stempu, unaonekana kwenye barua. Mwaka 1948 barua yenye stempu ya magharibi ikivuka kwenda mashariki ilihesabiwa haijalipiwa, mpokeaji akadaiwa. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilitoa stempu ya kukumbuka waliofukuzwa makwao mashariki. DDR ikazirudisha barua, nyingine stempu ikapakwa rangi nyeusi. Stempu yenyewe haina thamani kubwa. Ile iliyopakwa, kwenye bahasha yake, ni habari nyingine.

Mwanangu, usiloweke hata moja majini ili kubandua stempu. USILOWEKE. Mimi nililoweka za baba yangu kwenye beseni mwaka mzima.

Fundi_Albamu
Pole Bi, yameshapita. Mimi naongezea njia ya nne: kununua kwa jozi. Mwaka 1987 jiji lilitimiza miaka 750, na kila upande ukatoa stempu zake kana kwamba mwenzake hayupo. Ziweke ukurasa mmoja. Pembeni weka ile ya DDR ya 1986 ya kusherehekea miaka 25 ya ukuta, ambao wao waliuita "boma la kujikinga na ufashisti". Zote rahisi, na mgeni yeyote anaelewa bila kuelezwa.

Mjukuu_wa_Darajani
Shikamoo Bi Sanduku, beseni nilikuwa nimeshalitia maji. Nimelimwaga. Bahasha za babu zinabaki kama zilivyo, halafu nachukua jozi za 1987 na dubu. Nyekundu na nyeusi nawaachia wenye ng'ombe.

Swali dogo: bahasha moja imefunguliwa ubavuni na kubandikwa upya kwa utepe. Ni babu, au ni watu wa usalama?

Bi_Sanduku
Marahaba. Piga picha mbele na nyuma, uniwekee hapa. Na huo utepe usiuguse.