Maandalizi chini ya mkungu: tuwatoe watoto nje au tuwaache darasani?

Mtoa mada (Kusini Unguja)

Assalaam alaykum. Naleta hapa jambo lililotugawa kijijini, kwa sababu barazani limeshageuka kelele.

Kwetu pwani ya mashariki kuna skuli ya maandalizi (ya watoto wa kabla ya darasa la kwanza) ya binafsi isiyo na darasa. Ina banda la makuti, vyoo, tangi la maji, kitalu cha mchicha na miti ya mikungu. Watoto huingia saa 2. Kwanza hukaa duara wakaimba, kisha kazi za mikono: kufagia, kumenya, kumwagilia. Maji yakiwa yametoka huenda pwani, yakiwa yamejaa hubakia kwenye mivinje. Wanakula, wanahadithiwa, saa 6 wanachukuliwa. Mpangilio wa siku haubadiliki, kinachobadilika ni msimu: masika huchezea vidimbwi, kusi hurusha tiara, kiangazi hukaa kivulini zaidi. Kalamu haishikwi mpaka mtoto akaribie miaka 6. Ada yake mkulima wa mwani haiwezi, kwa hiyo watoto wengi waliopo ni wa wageni.

Sasa kwenye kamati ya skuli yetu ya serikali limeletwa pendekezo: darasa la maandalizi nalo lishinde nusu ya asubuhi nje, kwa kufuata maji na msimu, na wazazi wajitolee kusaidia. Wapo waliofurahi. Wapo waliosimama wakauliza: "Tumechangia matofali miaka yote hiyo, leo mnaturudisha chini ya mwembe?"

Mimi naliunga mkono, ila kwa sharti.

Kwanza niseme kwamba kusomesha watoto nje hakukuanza kwa matajiri. Dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua skuli ya watoto wadogo ya hewa wazi huko Deptford, London, mwaka 1914, na waliifungua kwa ajili ya watoto wa mafukara waliokuwa wakiugua kwa kubanana vyumbani. Denmark walianza kupeleka watoto msituni miaka ya 1950. Ujerumani skuli ya namna hiyo ilitambuliwa rasmi Flensburg mwaka 1993. Na sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Mpango wa Madrasa wa Aga Khan, ulioanza Mombasa 1982 ukafika Zanzibar 1990, uliwafunza walimu kutumia vifuu, mbegu na makombe ya pwani badala ya vitu vya dukani. Katikati ya miaka ya 2000 vikaja vituo vya Tucheze Tujifunze, watoto wakikusanyika mabarazani na chini ya miti kufuata masomo ya redio kwa kucheza. Tuliyaona hayo yote, tukayaita ya muda mpaka darasa lipatikane.

Lakini ukizichungua zile za Ulaya, msitu ndio kitu rahisi. Ghali ni watu wazima. Kikundi kidogo tu cha watoto kina mtu mzima anayewajua kwa majina na anayewaona wote akigeuza kichwa. Tukiiga miti tukaacha watu, tutakuwa tumeiga nusu isiyo na gharama. Sharti langu ndilo hilo: awepo mtu mzima wa pili, ikiwezekana wa tatu, na alipwe. Bila ya hivyo mimi nami nasema hapana.

Haya, semeni.

Mwalimu wa maandalizi (Kaskazini Unguja)

Wa alaykum salaam. Nakushukuru kwa kulitaja hilo la watu, maana kila semina tunayoitwa tunaambiwa "mwacheni mtoto acheze" na hakuna anayeuliza nani anamwangalia akicheza.

Darasani kwangu ni mimi na mikeka. Tangu Sera ya Elimu ya 2006 iingize miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima, watoto wamekuja kwa wingi, na ni jambo la kheri. Walimu hawakuja kwa kasi hiyo. Mlango wa darasa langu una faida moja ambayo mtu wa nje haioni: nikisimama hapo hakuna anayetoka. Uwanja hauna mlango. Mmoja akienda haja, wa pili amefuata mbuzi, wa tatu yuko barabarani, na barabara yetu hivi sasa bodaboda wanaipita kama wanafukuzwa.

La pili ni nyinyi wazazi. Nikikaa na watoto wiki nzima tunapanga makombe madogo kwa makubwa, tunayahesabu, tunayagawa mafungu, hiyo kwangu ni hesabu na ni hesabu nzuri. Mzazi anakuja Ijumaa anafungua mkoba, daftari jeupe. Anakwenda kumtia nasari ya Kiingereza ya mtaa wa pili, ambako mtoto wa miaka 4 anaandika jina lake lote na kukariri rangi kwa Kiingereza, hata kama rangi yenyewe hajaiona. Mimi ndiye nitakayeambiwa sifundishi.

Mama wa mwani (Pwani ya Mashariki)

Mwalimu, shikamoo. Mimi nitasema la kwetu.

Mwani haujui saa za wizara. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanatoka asubuhi, na saa 4 hivi yameshakwenda mbali kabisa. Hapo ndipo sote tuko shambani tunapiga vigingi na kufunga mbegu kwenye kamba. Siku za maji mafu ni kinyume chake: saa 4 maji yamejaa, na hata yakitoka hayatoki sana, hatuna la kufanya huko.

Mtoto wangu wa miaka 4 siku za bamvua huwa nami. Haendi maandalizi, kwa sababu skuli inatoa saa 5 na mimi saa 5 niko kwenye maji mpaka magotini. Nani amchukue? Basi ananifuata. Anamjua kaa anapojificha, anajua pweza hubadilika rangi, anajua sehemu ya kukanyaga na sehemu yenye miba. Hayo hakufundishwa na mtu wa Denmark.

Kwa hiyo mkiniuliza, nataka. Skuli ikija pwani siku za bamvua, mwanangu atakuwa na wenzake na mwalimu badala ya kushinda na mimi nisiyeweza hata kumtazama. Lakini mjue na hili: maji ya kwetu yakirudi hayapigi hodi. Uwanda ni tambarare, maji hupita kwanza kwenye vijito vya nyuma yako, unadhani uko pakavu kumbe umeshazungukwa. Mtu asiyeyajua maji asipewe watoto kule, awe na cheti asiwe na cheti.

Kijana wa Ng'ambo (Mjini)

Samahani, mimi nitawaharibia. Mtoto wa mgeni akijipaka tope tunaambiwa anajifunza. Wa kwetu akijipaka tope bibi anaulizwa maji hakuna? Skuli za ghorofa zinajengwa mjini na mashamba miaka hii, kila mtu anapiga picha. Watoto wadogo nao wana haki ya ukuta, feni na choo cha maji. Nahofia neno zuri kama "mazingira asilia" likishaingia wizarani, litakuwa sababu ya kutojenga. "Hawa si wako nje kwa falsafa? Basi waacheni."

Na hao wenye skuli ya mikungu, watoto wao wakifika miaka 7 wanakwenda wapi? Wanasoma nyumbani kwa kompyuta au wanarudi kwao. Mtoto wa kijijini akifika la kwanza hajui kushika kalamu, anakutana na mwalimu mwenye darasa la watu 80 asiye na muda wa kumngoja.

Mtoa mada

Kijana, hofu ya kwanza tunayo sote. Ndiyo maana pendekezo linasema nusu ya asubuhi, na darasa libaki. Nikisikia mtu anasema tuuze mabati kwa sababu tuna miti, mimi nitakuwa wa kwanza kupinga.

Hilo la kalamu sikubaliani nawe. Mkono wa miaka 4 unaopanga mbegu, unaosuka ukindu, unaofunga fundo la kamba, ndio mkono utakaoshika kalamu vizuri baadaye. Si lazima tufuate ile sheria yao ya kutoshika kalamu kabisa. Wale wanatoka kwenye nyumba zenye vitabu ukutani, mtoto anaona maandishi tangu anatambaa. Wetu wengi huyaona kwanza chuo cha Kurani, kwenye juzuu, na wanaanza mapema na hakuna aliyedhurika. Herufi ziwepo. Ziwe saa moja, zisiwe tatu.

Muuguzi (Chake Chake)

Naongea kwa upande wa Pemba, kwani naona mjadala mzima uko kwenye mchanga mweupe wa Unguja. Kwetu nje ni mabonde, mito na mpunga. Kichocho kinakaa kwenye maji yasiyo na chumvi, yale yenye konokono, hakikai baharini. Kwa hiyo mtoto wa Paje kuchezea vidimbwi vya bahari na mtoto wa bonde la Pemba kuchezea kijito ni mambo mawili tofauti kabisa, na mwongozo mmoja wa visiwa viwili utatuletea maradhi. Tumehangaika miaka na dawa za kichocho na minyoo kwenye skuli hizi hizi. Anayetaka kuwatoa nje Pemba aanze kwa kuuliza kituo cha afya mto upi una tatizo, na ahakikishe watoto wana ndara na pana maji ya kunawa.

Msinielewe vibaya, siko upande wa kuta. Darasa la bati lisilo na dari saa 5 ya kiangazi ni tanuri, na watoto hamsini wakikoholeana ndani yake mafua hayaishi. Macho nayo: Taiwan tangu mwaka 2010 wanahimiza watoto wa skuli wakae nje kwa muda wa saa mbili kila siku, kwa kuwa mwanga wa nje unapunguza tatizo la kutoona mbali. Lakini choo kwanza. Kama nje hakuna choo, mimi sina mjadala.

Mzee (Makunduchi)

Nimesoma yote, wajukuu zangu wamenikuzia maandishi. Mnasema "kufuata msimu" kama kitu kimekuja na ndege. Huku mwaka tunauosha kila Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, na wazee walikuwa wakihesabu kutoka Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka, kwa miongo, kila mwongo siku kumi, wakajua lini wapande mtama na lini upepo unageuka. Leo muulize kijana yeyote hapa kusi inaanza mwongo wa ngapi, atakutazama tu. Sidai darasa la maandalizi lirudishe elimu hiyo yote. Nadai mtoto aambiwe huu unaovuma unaitwaje.

Na msiwapeleke kwenye mapango ya mizimu. Mnajua kwa nini.

Kijana wa Ng'ambo

Mzee, kwa heshima zote, hili la mapango ndilo litakalowafanya wizarani wacheke.

Mzee (Makunduchi)

Wacheke. Pango lina nyoka pia.

Mwalimu wa maandalizi

Nimerudi kwa sababu ya Mama wa mwani. Nimelifikiri vizuri na naona pana fundo ambalo hatujaligusa. Siku nzuri kuliko zote kwa watoto kwenda pwani ni siku za bamvua, asubuhi, maji yako mbali. Siku hizo hizo ndizo wale akina mama wanaoyajua maji, ambao nilitaka kuwategemea wanisaidie, wana kazi. Siku wanazopata nafasi ni za maji mafu, na siku hizo pwani hapaendeki. Kwa hiyo ule usemi wa kamati kwamba "wazazi watajitolea" hauwezekani. Kazi na mtoto vinataka saa ile ile.

Mama wa mwani

Ni kweli tupu. Mimi nitakuwa karibu, nitamwona, lakini mikono yangu iko kwenye kamba. Na wenye kamati waliosema tutajitolea hawalimi mwani.

Wapo wazee wa kike walioacha mwani kwa ajili ya mgongo na miguu. Maji wanayajua kuliko mimi, wanajua lini kuwaambia watoto "juu, juu". Hao walipwe. Msiwaite wajitoleaji, wamejitolea maisha yao yote.

Mtoa mada

Hilo limenifunga mdomo kwa uzuri. Naandika hivi kwa ajili ya kikao: tuanze na siku za bamvua pekee, kama siku nne kila nusu ya mwezi, si kila siku. Masika tusianze kabisa, Aprili ile haina mzaha. Bibi wawili walipwe kutoka fungu ambalo kamati imeliweka la kupaka rangi ukuta wa mbele. Siku nyingine watoto wabaki uwanjani na darasani kama kawaida, na saa ya herufi ipo.

Najua rangi ina watetezi wake, hasa kwa kuwa mgeni rasmi anatarajiwa.

Kijana wa Ng'ambo

Hapo kwenye rangi ndipo mtakapogombana. Na baada ya fungu la rangi kwisha, bibi hao atawalipa nani?

Mwalimu wa maandalizi

Ndiyo swali la kupeleka kwa Afisa Elimu wa Wilaya, kwa barua yenye muhuri wa sheha (kiongozi wa shehia), kabla mtoto hata mmoja hajatoka. Mkishapata jibu lililoandikwa niambieni nije kuona mnavyofanya, maana na mimi nina bahari hatua mia kutoka darasani. Mkienda kikaoni chukueni idadi ya watoto wanaokuja kweli, si ile ya daftari la uandikishaji. Hizo mbili hazijawahi kulingana.