Mpelelezi aliyesoma uzamili kwa masafa ahesabiwe sawa na aliyekaa darasani?

Mdau wa Kasulu: Wakuu, wapo wanaotaka shahada ya uzamili ya jinai na upolisi iliyosomwa kwa masafa, yaani mtu akiwa mbali na chuo, isihesabiwe kwenye kupandisha vyeo, eti upelelezi ni kazi ya mikono. Mimi nasema ihesabiwe. Ukimpeleka mpelelezi wa Kasulu Dar es Salaam miaka miwili, majalada yake anabaki nayo nani? Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa namna hii, na kina vituo Kigoma na Tabora.

Mtetezi wa darasa, Tabora: Napinga, mkuu. Chukua furushi la bangi lililokamatwa Uvinza. Lifungwe na kutiwa lakiri mbele ya mtuhumiwa na shahidi huru, lipewe lebo yenye namba ya jalada, liingie kwenye rejista ya vielelezo. Kila anayelipokea aandike jina, tarehe, saa na kusaini, hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Paulo Maduka namba 110 ya 2007, ilitaka mtiririko huo uonekane kwenye maandishi. Kesi inaharibikia padogo: mkamataji kakabidhi saa 10 jioni, mtunza vielelezo kasaini kesho yake asubuhi. Usiku furushi lililala wapi? Hilo linataka mwalimu anayekusahihisha palepale.

Wakili, Kigoma mjini: Lakiri na rejista ni mafunzo ya askari, ndugu yangu, na anayeanza uzamili awe ameshayamaliza. Uzamili unataka apakue hukumu 40 za Mahakama Kuu Kanda ya Tabora kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ni bure, azipange kwenye jedwali: kosa, aina ya kielelezo, pengo lilitokea mkono wa nani, matokeo. Kisha aeleze kwa nini mahakama hulegeza kamba ya mtiririko huo wa makabidhiano kwa meno ya tembo, ambayo si rahisi kubadilishwa njiani, lakini haifanyi hivyo kwa unga wa dawa za kulevya. Kazi hiyo inafanyika Kibondo usiku, bando likiwepo.

Mdau wa Nzega: Mnabishana kuhusu njia, mimi naona kasoro kwenye mtaala. Anayejiunga na chuo cha Uingereza anafundishwa sheria yao ya polisi na ushahidi ya 1984, PACE: kumshikilia mtu saa 24 bila mashtaka, 36 kwa idhini ya ofisa mwandamizi, hadi 96 kwa amri ya hakimu. Akizibeba saa hizo hadi kituoni kwake ameumia. Kwetu muda wa msingi wa kumhoji mtuhumiwa ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na ofisa anayehusika anaweza kuuongeza kwa saa zisizozidi 8. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, jambo kubwa kwa vijiji vya kwetu, ila lazima uandikwe. Usipouandika, maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, yanapingwa kortini. Na sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanavijiji, iliyoanza huku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ataifundishwa na nani kule? Hiyo ni tasnifu nzima.

Mtetezi wa darasa, Tabora: Tasnifu ndiyo inayonitia hofu hasa. Wa masafa huchukua majalada ya kituo chake kwa kuwa yapo mezani. Anaowahoji ni walio chini yake. Watamjibu nini zaidi ya "ndiyo afande"? Majina ya waathirika nayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mdau wa Kasulu: Hapo nakuunga mkono. Akusanye data wilaya nyingine, majina ayaondoe kabla hajatoa nakala, na barua ya chuo ifike kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kwa Kamanda wa Polisi mapema, pendekezo likiwa bado kwa msimamizi. Utetezi wa tasnifu ufanyike ana kwa ana, Tabora au Kigoma, aulizwe maswali akiwa na majedwali yake mkononi. Akipita hapo, bado utamkatalia cheo?

Mtetezi wa darasa, Tabora: Akipita hapo, sitamkatalia. Ila huo utetezi wa ana kwa ana uwe sharti, usiwe hiari.