Mitandao ikiwa mingi mbona bei hazishuki?

mchovu_wa_bando: Wakuu naomba mnieleweshe. Nchi ikiwa na kampuni tatu nne za simu si zinatakiwa zigombanie wateja na bei ishuke? Mimi ninachokiona mmoja akipandisha leo, haijapita muda na wengine nao hao, au bei wanaiacha ile ile ila wanakata MB na siku za matumizi. Inaniuma kwa sababu intaneti siyo anasa tena, mtu anaombea kazi humo humo.

fundi_mnara: Mkuu wingi peke yake hautoshi. Ukipiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wako unamlipa yule anayepokea, kila dakika. Sasa yule mkubwa, wateja wake wengi wanapigiana wenyewe kwa wenyewe, halipi mtu. Mdogo karibu kila simu ya mteja wake inatoka nje, analipa, na anayemlipa ndo huyo huyo anayeshindana naye! Atashushaje bei hapo? Simu ya kwenda mtandao mwingine inabaki ghali, ndo maana watu wanatembea na laini mbili. Dawa ni mdhibiti kuibana hiyo tozo, India waliishusha toka paisa 14 (paisa ni senti yao) hadi 6 kwa dakika mwaka 2017 na Januari 2021 ikawa sifuri kabisa.

bi_mdadisi: Sahihi, ila na kampuni mpya, mgeni anayeingia sokoni kweli kweli, anasaidia. Ufaransa walikuwa watatu wametulia, Januari 2012 Free Mobile ikaingia na kifurushi cha euro 2 na kingine cha euro 19.99. Na wale watatu walishaanza kutoa laini za bei nafuu mwaka 2011, mgeni hata hajafika, hofu tu ya kunyang'anywa wateja.

kaka_masafa: Tuwe waangalifu lakini. Kampuni ya simu ya Jio ilipoanza India Septemba 2016 ikagawa simu na intaneti bure kwa miezi, watu wakafurahi mno, ila wengine wakashindwa kuhimili, Vodafone na Idea wakaungana 2018, waliobaki wakapandisha bei Desemba 2019 karibu kwa pamoja. Bei ya bure haidumu.

mchovu_wa_bando: Asanteni sana, hiyo tozo sikuwahi kuisikia. Na kuhama na namba yako je, inasaidia?

fundi_mnara: Inasaidia ikiwa rahisi. Ukiambiwa uje dukani, ujaze fomu, usubiri siku kadhaa na ukiuliza unapigwa danadana, utabaki ulipo hata kama umechoka, na kampuni inalijua hilo vizuri. Kwenye kuhama, mtandao mpya ndo ushughulikie kila kitu, ule wa zamani usiwe na nafasi ya kukuzuia.