.308 yenye msokoto 1:12 na vichwa vya shaba vya greni 180: mbona vinatawanyika?

Mkorosho_NCH:
Habari za leo wakuu, na wakubwa shikamooni. Raifo ni .308 (kipenyo cha kichwa cha risasi kwa inchi), mtutu sentimita 56, makaratasi yake yanasema msokoto 1:12, yaani mifereji ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 12. Risasi za kawaida za greni 150 (gramu 9.7), zile zenye kiini cha madini ya risasi, zinaweka matundu matano ndani ya sentimita 4 kwa mita 100. Nimenunua boksi la greni 180 (gramu 11.7), vichwa (sehemu inayoruka kutoka mtutuni) vya shaba tupu vilivyochongoka. Matano yametawanyika sentimita 15, na mawili kati yake yana umbo la yai. Kazi ni kongoni na nguruwe pori upande wa Liwale, kwa leseni, mita 60 hadi 150. Je, 180 ni nzito mno kwa mtutu huu? Na kama ni nzito, mbona .375, bunduki yenye kipenyo kikubwa zaidi, nayo ina 1:12 na inarusha greni 300 bila matatizo?

Mbwemkuru:
Mkuu, uzito usikusumbue sana. Kinachodai msokoto ni urefu wa kichwa. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi (gramu 8.9 kwa 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo), kwa hiyo ili shaba tupu ifike greni 180 ni lazima kichwa kirefuke. Kirefu kinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisimame, yaani kiruke bila kuyumba, kama pia ya kuchezea: ikizunguka taratibu inaanza kuyumba.

Tumia kanuni ya Don Miller:

S = 30 × m ÷ (t² × d³ × l × (1 + l²))

S ni kipimo cha jinsi kichwa kinavyosimama hewani, m ni uzito kwa greni, d ni kipenyo kwa inchi (0.308). t ni msokoto uliogawanywa kwa kipenyo, na l ni urefu wa kichwa uliogawanywa kwa kipenyo. Unataka S ifike 1.5. Chini ya 1 kichwa hakisimami kabisa. Hapo katikati kinasimama kwa shida: matundu yanaachana na kasi inapotea mapema.

Kwa 1:12, kichwa cha kawaida cha greni 180 chenye urefu wa mm 32 kinatoa 1.68. Cha shaba chenye uzito uleule, urefu mm 36, kinatoa 1.19. Milimita nne tu zimekushusha hivyo, kwa sababu urefu unaingia kwenye hesabu mara tatu. Cha mm 36 kingetoka kwenye mtutu wa 1:10 kingekuwa 1.72.

Kanuni hii imewekwa kwa futi 2,800 kwa sekunde na nyuzi 15 za Selsiasi. Greni 180 ya .308 hutoka na futi kama 2,600 (mita 790), hiyo inapunguza S kwa asilimia 2 na nusu hivi. Joto letu la nyuzi 30 linaongeza asilimia 5. Unabaki na 1.22, bado ni kidogo.

Kuhusu .375: inchi 12 zake si inchi 12 zako. Gawanya kwa kipenyo. Yeye anazunguka mara moja kila vipenyo 32, wewe kila vipenyo 39. Kwa unene wake, msokoto ule ni mkali kuliko wako.

Urefu wa kichwa utafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Usivunje risasi nzima kung'oa kichwa ili upime. Kikiwa na ncha ya plastiki, urefu mzima utakupa S ndogo kidogo kuliko ilivyo, kwa sababu plastiki haina uzito wa maana.

Lukuledi:
Hesabu ya Mbwemkuru naikubali, lakini tundu la yai halielezeki kwa 1.22. Namba hiyo inatawanya, hailazi kichwa ubavu. Ukitaka kuona kulala kwa kweli, weka greni 69 yenye urefu wa mm 23 kwenye .223 (bunduki ya kipenyo kidogo zaidi) ya 1:12: S ni kama 0.9, na karatasi inachanika kwa umbo la kichwa kizima. Kwako kuna jambo la pili, na lisipotafutwa utabadilisha maboksi bure.

Anza kwa kupima msokoto wenyewe, usiamini karatasi. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka wenyewe. Ule wa mpini uliokaza unateleza juu ya mifereji na kukudanganya. Funga kitambaa kibane haswa. Sukuma mpaka kiwe kimeingia mtutuni kama sentimita 5, bandika kipande cha selotepu kwenye ufito kikielekea juu kama bendera, weka alama ya kalamu usawa wa nyuma ya bunduki. Sukuma polepole hadi bendera irudi juu, weka alama ya pili, pima katikati yake. 1:12 ni mm 305, 1:11 ni mm 279, 1:10 ni mm 254. Rudia mara tatu. Vipimo vikitofautiana zaidi ya mm 5, kitambaa kimelegea.

Kisha mdomo wa mtutu. Chukua kijiti cha pamba ya masikio, kivute kutoka ndani kwenda nje, kuzunguka ukingo wote. Ukiona nyuzi za pamba zimebaki zimening'inia sehemu moja, hapo pana ukwaru au kutu. Gesi inatoka upande huo kwanza na kukisukuma kitako cha kichwa wakati kinaaga mtutu. Kichwa chenye S kubwa kinajirekebisha haraka. Cha 1.2 kinaendelea kuyumba, na hapo ndipo yai linatoka. Kwetu huku pwani hewa ya chumvi inakula ukingo huo mapema, hasa bunduki ikihifadhiwa kwenye mfuko wa ngozi.

Usisahau shaba iliyoganda mtutuni. Tia dawa ya kuyeyusha shaba, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa. Kitambaa kikitoka na rangi ya bluu au kijani, endelea hadi kitoke cheupe.

Mkorosho_NCH:
Asanteni sana wakuu. Vipimo vitatu: mm 304, 306, 305. Kitambaa kimetoka kijani mara sita. Pamba imenasa usawa wa saa nne.

Lukuledi:
Basi ni 1:12 kweli, na mdomo una jeraha. Usiuguse kwa tupa wala msasa. Mpelekee fundi bunduki mwenye kibali auchonge upya kwa mashine. Ni milimita moja au mbili tu zinaondoka.

Mbwemkuru:
Hata baada ya fundi, boksi hilo la 180 si la mtutu huu. Kichwa chenye S ndogo kinaweza kupinda njia kikishagonga mnyama, na kongoni atakwenda na jeraha baya. Ukitaka shaba, tafuta greni 150 yenye urefu usiozidi mm 31: inatoa 1.53, na kwa joto letu 1.6. Ukitaka 180, baki na zenye kiini cha madini ya risasi. Jaribu kila aina kwa risasi tano juu ya mfuko wa mchanga, mita 100, mtutu upoe dakika tano kabla ya kubadilisha boksi. Kisha rekebisha darubini upya, maana 150 na 180 hazigongi mahali pamoja.