Kikundi cha Ukoo: Halmashauri Igawanywe au Ibaki?

*Dada Mkubwa:* Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Ndiyo natoka kwenye baraza la madiwani. Ajenda ya kugawa halmashauri imekula mchana wote.

*Shangazi:* Marahaba mwanangu. Wameamuaje? Huku kijijini watu wanasema sisi tumeshahamishwa.

*Dada Mkubwa:* Hapana shangazi, hajahamishwa mtu. Ni pendekezo. Kata za bondeni zipate halmashauri yake, za huko juu zibaki na hii ya sasa. Kata yetu imewekwa bondeni, na diwani wetu amesimama akaunga mkono.

*Mjomba:* Ameunga mkono kwa kauli ya nani? Mkutano mkuu wa kijiji haujaitwa kuzungumzia jambo hilo. Nipo hapa kila siku, ningejua.

*Dada Mkubwa:* Hilohilo ndilo aliloliuliza diwani mmoja wa viti maalumu, mjomba. Akafungua kabrasha mbele ya wote, akataka aonyeshwe mihtasari ya mikutano ya vijiji. Imo ya vijiji vichache tu, chetu hakimo. Akajibiwa kwamba iliyobaki italetwa baadaye. Akasema haiwezekani baraza lipitishe kwanza, wananchi waulizwe mwisho. Ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kuchangia.

*Mjomba:* Huyo mama Mungu ambariki.

*Kaka wa Dodoma:* Shikamoo mjomba. Yuko sahihi kabisa. Jambo hili huanzia kijijini: mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, halafu ndiyo baraza la madiwani. Likitoka hapo linakwenda kamati ya ushauri ya wilaya, kisha ya mkoa, ndipo lifike TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri. Baraza linapendekeza tu. Mwenye mamlaka ya kuanzisha halmashauri ni waziri, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Kwa hiyo bado mapema, tusikate tamaa.

*Shangazi:* Nani kakata tamaa? Mimi nataka igawanywe! Nyie mlioko mijini hamjui. Nikimfuata afisa ardhi makao makuu, naondoka alfajiri na bodaboda hadi barabara kubwa, nasubiri gari, nafika naambiwa ametoka, njoo kesho. Kesho nilale wapi? Nimelala kwa watu baki kwa ajili ya karatasi moja. Makao yakija bondeni nitakwenda na kurudi kabla jua halijazama.

*Mdogo wa Dar:* Pole sana shangazi. Lakini si wahamishe makao tu? Mwaka 2019 halmashauri zilizokuwa zimekaa mijini ziliamriwa zihamie kwenye maeneo yao. Morogoro Vijijini wakaenda Mvuha, Singida Vijijini wakaenda Ilongero. Hawakulazimika kugawa chochote.

*Dada Mkubwa:* Diwani mmoja wa huko juu amesema hivyo. Akazomewa na wa bondeni. Wakasema miaka yote mgawo wa barabara na walimu unaishia juu, hata ofisi ikihamishwa wao watabaki wachache kwenye kura.

*Mjomba:* Hapo wa bondeni wana hoja, lazima niseme kweli. Mimi nilikuwa kijana halmashauri za wilaya zilipofutwa mwaka 1972. Maamuzi yakashikwa na maofisa, sisi tukawa watu wa kuarifiwa. Zahanati ikikosa dawa hukuwa na diwani wa kumshika shati. Ziliporudi 1984 tulifurahi, maana tulipata mtu wetu wa kumuuliza. Madaraka yakisogea karibu ni jambo jema. Wilaya ya Masasi ilipogawanywa ikatoka Nanyumbu, makao yakawa Mangaka, watu wa pale wakapata wilaya mlangoni kwao. Sipingi kugawa. Napinga kugawiwa nikiwa nimelala.

*Mama Mdogo:* Mjomba umesema. Mimi naomba tuangalie fedha, maana hapa naona kimya. Kikundi chetu cha akina mama kinategemea ile mikopo ya asilimia 10. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, si kwingine. Iliposimamishwa 2023 tuliumia, ikarudi 2024 tukashukuru. Sasa niambieni, mapato ya ndani ya huku ni nini?

*Kaka wa Dodoma:* Ushuru wa korosho, asilimia 3.

*Mama Mdogo:* Na mikorosho mingi iko wapi?

*Dada Mkubwa:* Juu.

*Mama Mdogo:* Basi. Tukienda bondeni tunauacha ushuru juu. Sisi tuna mpunga na ufuta kidogo. Asilimia 10 ya kitu kidogo ni mikopo ya vikundi vingapi? Wanawake wenzangu wameshaanza kushona sare za shule kwa mkopo ule. Halmashauri mpya itaanza na jengo, magari na viti vya mkurugenzi kabla haijatukumbuka sisi.

*Shangazi:* Hilo sikuliwaza. Lakini ardhi yangu nayo?

*Mama Mdogo:* Wifi, sikukatazi. Nataka nijue tu kabla sijanyoosha mkono.

*Kaka wa Dodoma:* Kuna na mgawanyo wa mali na madeni. Greda moja, magari, majengo, watumishi, vyote vinagawanywa. Na madeni ya wakandarasi na ya watumishi pia. Ulizeni bonde litabeba deni gani. Je, hilo limejadiliwa?

*Dada Mkubwa:* Hata kidogo. Muda mrefu wamegombea jina la halmashauri mpya na makao yawe kijiji gani. Vijiji vitatu vinayataka.

*Mjomba:* Jina! Watoto wanakaa chini darasani, watu wazima wanagombea jina.

*Binamu Mtendaji:* Shikamooni. Samahani nilikuwa shambani. Mimi ni mtendaji wa kijiji jirani, siwezi kuusemea uongozi wa kwenu, ila sheria iko wazi: mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Nendeni kwa mwenyekiti wenu mwombe ajenda hii iingie. Kwa maandishi, msiishie mdomoni. Mbakize nakala.

*Mjomba:* Nitakwenda kesho asubuhi, na wazee wawili.

*Mama Mdogo:* Na akina mama wa kikundi tutasaini.

*Dada Mkubwa:* Naandika barua usiku huu. Naweka maswali manne: makao yatakuwa wapi, ushuru wa korosho utagawanywaje, madeni atabeba nani, na mikopo ya vikundi itakuwaje mwaka wa kwanza.

*Shangazi:* Weka la tano. Afisa ardhi atakaa huku siku ngapi kwa wiki, hata kama hawagawi.

*Dada Mkubwa:* Nimeliweka la kwanza, shangazi.

*Mdogo wa Dar:* Nitumie nikuchapie, nakala nitaituma kwa basi la kesho jioni.

*Mjomba:* Zisipungue tano. Moja ya diwani, nimkabidhi mwenyewe mkononi.