Walimu wa kamba za Kijapani Ulaya: wapewe leseni, au nasaba ya fundi inatosha?

Mwanzisha mada

Wakuu, mada ni shibari, ufundi wa Kijapani wa kumfunga mtu mzima kwa kamba kwa ridhaa yake. Ujerumani na Uingereza mtu anaweza kutangaza darasa leo, kesho akapokea ada na kumning'iniza mwanafunzi darini, bila mamlaka yoyote kumdai cheti. Hoja yangu: kufunga sakafuni kubaki huru, lakini anayefundisha kuning'iniza awe na leseni.

Wanaopinga husema nasaba, yaani kufundishwa na fundi anayejulikana, inatosha, na mfano wao ni Osada Steve. Huyu ni Mjerumani aliyehamia Tokyo, akajifunza kwa Osada Eikichi, fundi wa jukwaani aliyefariki 2001, akachukua jina lake. Baadaye akajifunza kwa Yukimura Haruki, aliyefariki 2016. Wazungu wengi walisafiri hadi Tokyo kumfuata Steve. Hiyo ni njia ndefu, na naiheshimu. Lakini wapo wanaofundisha Ulaya baada ya warsha chache za wikendi. Hao nani anawachuja?

Kamba Juti

Mkuu, swali ni zuri ila mfano wenyewe unakupinga. Yukimura sifa yake ilikuwa kufunga chini, mtu akiwa amekaa au amelala, kamba chache, mwendo wa taratibu. Mtu akikuonyesha idhini ya kufundisha kutoka kwake, umejua kwamba anaweza kazi ya sakafuni. Kuhusu kumning'iniza mtu kwenye boriti, hujajua lolote.

Na Japani yenyewe serikali haimtahini mfungaji. Ito Seiu (1882–1961), anayehesabiwa baba wa sanaa hii, alikuwa mchoraji. Nureki Chimuo, mmoja wa waanzilishi wa kundi la wapenda kamba liitwalo Kinbiken mwaka 1985, alikuwa mtu wa magazeti. Walikuzwa na kazi na macho ya wenzao. Leseni ya karatasi itampa mtu kiburi tu.

Muuguzi

Mnabishana kuhusu karatasi, wakati jambo lenyewe liko kwenye mkono wa juu.

Funge la kifua linalofundishwa kuliko yote ni takate kote: mikono nyuma ya mgongo, vigasha vimelala sambamba, mzunguko wa kwanza unapita juu ya matiti na mikono ya juu, wa pili chini yake, kisha kamba ndogo za kukazia zinapita kwapani. Neva (mshipa wa fahamu) ya radiali huzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma na kutokeza upande wa nje, karibu sana na mfupa. Mzunguko wa juu ukikaa hapo, au ukiteleza kufika hapo mwili unapopanda, neva inabanwa kati ya kamba na mfupa.

Matokeo ni kiganja kulegea: mtu hawezi kuinua kifundo cha mkono. Mara nyingi maumivu hayatangulii. Wanafunzi huangalia rangi ya vidole, na hilo ndilo kosa kubwa ninaloliona likifundishwa. Vidole vya buluu vinaeleza habari za damu. Neva inaweza kuumia vidole vikiwa na rangi yake ya kawaida na joto lake.

Kipimo chenyewe ni cha sekunde kumi. Anayefungwa ainue kiganja na kidole gumba dhidi ya kidole chako: hiyo ni neva ya radiali. Atanue vidole ukimzuia: neva ya alna. Abane gumba na kidole cha shahada vikutane: neva ya mediani. Pimeni kabla ya kufunga, kwa sababu mtu mwingine huja na udhaifu wake tayari. Pimeni tena baada ya kufunga, na tena kila uzito unapohama. Ganzi nyuma ya kiganja, kati ya gumba na kidole cha shahada, si ya kusubiri. Kamba ishuke sasa hivi.

Neva iliyobanwa kidogo hurudi kwa siku au wiki. Nyuzi zake za ndani zikikatika, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Hesabuni wenyewe umbali wa kutoka mkono wa juu hadi kwenye misuli ya kigasha, mjue ni miezi mingapi mtu atashindwa kushika kikombe. Anayefundisha kuning'iniza bila kufundisha vipimo hivi, mimi simwiti mwalimu, awe na nasaba au asiwe nayo.

Fundi Boriti

Naongeza ya juu ya kichwa. Mtu wa kilo 70 akitulia ni takriban kilonyutoni 0.7 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu). Akiyumba au akishuka kwa mshtuko, mzigo huo unaweza kuongezeka mara mbili na zaidi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu: ukipitisha kamba kwenye pete na kuivuta chini kumpandisha, pete inabeba uzito wake pamoja na nguvu ya mvuto wako, yaani karibu mara mbili.

Karabina, ile pingu ya chuma ya wapanda milima, kwa kawaida huandikwa kilonyutoni 20 au zaidi, kwa hiyo si yenyewe itakayovunjika. Kinachong'oka ni ndoano ya skrubu kwenye mbao za dari ambazo hakuna aliyejua unene wake. Na ukitundika kwenye sehemu mbili za juu, kamba mbili zikipanuka hadi pembe ya digrii 120 kati yake, kila moja inabeba uzito wote wa mtu.

Kamba za kawaida ni juti ya milimita 6, nyuzi tatu zilizosokotwa, urefu wa mita 7 hadi 8. Juti ni mmea. Inachoka, inakatika ndani kabla haijaonekana nje, na ikilowa na kukauka ovyo hupoteza nguvu. Kamba za kubebea ziwekwe mbali na za mapambo, zipapaswe urefu wote kabla ya kazi, na ukihisi sehemu nyembamba au uzi uliolegea, ishushwe daraja ikafungie miguu sakafuni. (Waliouliza kuhusu katani ya Tanga: inakwaruza ngozi na ni kavu mno kwa fundo. Iacheni kwenye mizigo.)

Utaratibu wa kupandisha: kifua kwanza, kisha nyonga, miguu mwisho. Kushusha ni kinyume: miguu kwanza, kifua mwisho, ili kichwa kisije kikatangulia. Mkasi wa huduma ya kwanza wenye ncha butu uwe kiunoni mwa mfungaji. Na usikate kamba inayobeba kabla mtu mwingine hajaukumbatia uzito.

Ndiyo maana naunga mkono leseni. Ujerumani fundi anayening'iniza taa na spika jukwaani ana mafunzo rasmi na mtihani wake. Binadamu naye?

Mzee wa Sheria

Leseni ya nani, ndugu? Mtoa leseni ni dola, na dola za Ulaya hazikubaliani hata kama jambo lenyewe linaruhusiwa.

Uingereza, kesi ya R dhidi ya Brown ya 1993: mabwana wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, waliamua kwamba ridhaa haiwi kinga pale panapotokea majeraha ya mwili katika michezo ya namna hii, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 1997 ikakataa kuiona hukumu ile kuwa ukiukaji wa haki. Sheria ya 2021 ya unyanyasaji wa majumbani, kifungu cha 71, imeuandika msimamo huo upya. Ujerumani, kifungu cha 228 cha sheria ya jinai kinaikubali ridhaa isipokuwa tendo liwe kinyume cha maadili mema, na Mahakama Kuu ya Shirikisho mwaka 2004 ikaweka mpaka pale penye hatari halisi ya kifo.

Kwa hiyo London serikali ingekuwa inamtahini mtu katika kazi ambayo alama mbaya ya kamba inaweza kumfikisha kizimbani. Haitafanya hivyo.

Mwanzisha mada

Mzee, umenibana hapo. Lakini kumbukeni Roma, Septemba 2011: wanawake wawili walifungwa kwa kamba moja iliyopita juu, kila mmoja akiwa uzani wa mwenzake. Mmoja alizimia, uzito wake ukaikaza kamba shingoni mwa mwenzake, na huyo akafariki. Mtihani wa saa moja ungemkataza mtu mambo mawili: kamba shingoni, na kumfanya binadamu anayeweza kuzimia kuwa jiwe la mizani.

Kamba Juti

Msiba ule hauhitaji mtihani kuueleza. Mkataze mtu kamba shingoni siku ya kwanza, basi. Hofu yangu iko kwingine. Cheti, kiwe cha serikali au cha nasaba, humpa mwalimu mamlaka juu ya mwili wa mwanafunzi. Mwanafunzi akiona mkono unakufa ganzi, atasema, au atajiambia kwamba mwenye cheti anajua zaidi? Na akishikwa asipotaka kushikwa, atamshtaki kwa nani, kwa aliyempa cheti?

Muuguzi

Hapo nakubali, ila sikubali kwamba basi tuache. Leseni ya dola haiji, Mzee ameeleza. Studio yenyewe ndiyo iweke masharti, mwenye ukumbi, maana boriti ni yake na bima ni yake. Anayetaka kufundisha kuning'iniza hapo aonyeshe vipimo vitatu vya neva bila kukumbushwa, amshushe mtu aliyelegea mwili mzima kama aliyezimia, na atoe darasa kwa wanaofungwa, si kwa wafungaji tu. Anayefungwa ndiye pekee anayehisi ganzi, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha aiite kwa jina gani.

Fundi Boriti

Na malalamiko yapokelewe na mtu asiyefundisha hapo. Kuhusu mtihani wa kumshusha aliyelegea, weka muda, Muuguzi. Mtu akining'inia wima bila kusogea, damu hujikusanya miguuni na kuzimia huja haraka. Mimi nasema dakika moja hadi kichwa na moyo viwe sawa na sakafu. Anayeshindwa arudi kufunga chini.

Muuguzi

Dakika moja ni nyingi. Kama kifua ndicho kinachobeba na hapumui vizuri, nataka uzito wake uwe umekumbatiwa ndani ya sekunde chache, kisha hizo kamba mtazifungua kwa nafasi yenu.